Ukibofya mara mbili, seva inasikia nini?

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Tuongelee kitu kinachowala vijana pesa kule kafe na steshenari kila siku, na wengi hawajui kinawalaje.

Siku matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka hali mnaijua. Kila mmoja kashika namba yake ya mtihani, ukurasa unazunguka tu, mkono hauondoki kwenye kitufe cha kurifreshi, na muda wa kulipia unakatika. Baada ya dakika kumi utasikia mtu analalama, "seva imekufa". Jamani, mara nyingi haijafa. Inachapa kazi kweli kweli, na sehemu ya kazi hiyo umeiongezea wewe mwenyewe kwa kubofya bofya.

Mimi ni mtu wa Mugango, huku ziwani Musoma Vijijini, na kazi inayoniweka mjini ni kuandika programu za upande wa seva. Nikirudi nyumbani vijana wananiuliza maswali yale yale: kwa nini fomu imegoma, kwa nini imetuma mara mbili, kwa nini imenitoa nje. Maswali yote hayo jibu lake liko sehemu moja, pale ombi lako linapoingia seva na jibu linapotoka. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mbofyaji, na pia kwa ajili ya yule mdau anayejifunza kuandika programu usiku usiku.

Kwanza tuone ombi lenyewe. Watu wanadhani ni kitu cha ajabu, kumbe ni maandishi tu. Ukifungua ukurasa wa bei za dagaa, brauza yako inaandika hivi na kutuma:

GET /bei/dagaa HTTP/1.1
Host: mfano.test
Accept-Language: sw

Basi. Mstari wa kwanza unasema unataka nini, inayofuata ni vichwa, yaani maelezo ya ziada. Hiyo "sw" ni Kiswahili. Brauza ikipangwa vizuri inaiambia seva kwamba mwenye kuomba anasoma Kiswahili, ila tovuti nyingi hata haziangalii. Seva nayo inajibu kwa maandishi: mstari wa kwanza una namba, 200 ikiwa mambo safi, kisha vichwa vyake, kisha ukurasa wenyewe. Alipoanza Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, toleo lililoandikwa mwaka 1991 lilikuwa jepesi zaidi. Ombi lilikuwa mstari mmoja tu, halina vichwa, na jibu halikuwa na namba yoyote. Yote mengine yameongezwa baadaye.

Sasa kama ungeandika programu ya kusoma maandishi hayo mwenyewe kila mara, ungezeeka. Ndiyo maana kuna viunzi, wengine wanaita fremuweki. Laravel, iliyotoka mwaka 2011, inaandikwa kwa PHP. Django inaandikwa kwa Python, na hii ina asili ambayo wasomaji wa habari mtaipenda: ilianzia kwenye gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanahangaika kutengeneza kurasa haraka kabla habari haijapoa. Wakaitoa kwa watu wote mwaka 2005. Ukichungulia ndani, Django na Laravel na wenzao wote wanafanya kazi kwa mtindo mmoja. Ombi linaingia, linapita kwa vichujio kadhaa (huyu ni nani, fomu hii ni yetu kweli?), anwani inalinganishwa na orodha ya njia, njia inaelekeza kwenye kazi uliyoiandika wewe, kazi inaongea na databesi, inatengeneza jibu, na jibu linarudi kupitia vichujio vile vile likielekea mlangoni. Kwa mwandishi wa programu, sehemu yake ni ile ya katikati tu. Uzuri ndio huo, na hatari ndiyo hiyo hiyo, maana ni rahisi kusahau kwamba nje kuna mtandao unaokatika.

Kitu kingine cha kujua: HTTP haina kumbukumbu. Ombi lako la pili seva haijui kwamba limetoka kwa mtu wa ombi la kwanza. Ili ikukumbuke, ukiingia kwa paswedi inakupa kuki, kipande cha maandishi ambacho brauza inakirudisha kwenye kila ombi. Ni kama tiketi. Anayeshika tiketi ndiye abiria, basi. Sasa wewe umekaa kafe, umejaza maombi yako ya mkopo, umesimama ukaondoka bila kubofya "toka". Anayekalia kile kiti baada yako kashika tiketi yako! Haitaji paswedi. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi kwenye kompyuta nyingi. Toka kwanza, ndipo ufunge.

Na tiketi ina muda wake. Laravel usipoibadilisha inampa mtu dakika 120 akikaa bila kugusa kitu. Ndiyo maana ukiacha fomu wazi ukaenda kutafuta cheti cha kuzaliwa nyumbani, ukirudi ukabofya "tuma" unakutana na namba 419 na maneno kwamba ukurasa umeisha muda. Namba hiyo haimo hata kwenye orodha rasmi ya namba za HTTP, ni ya Laravel wenyewe. Haimaanishi umekosea kujaza. Inamaanisha ile alama ya siri iliyofichwa ndani ya fomu, inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwao na si kwa tapeli, imechacha. Kabla hujarifreshi, nakili maelezo marefu uliyoandika uyaweke pembeni, maana huenda yakapotea.

Tuje kwenye lenyewe.

Maombi yana aina, na mbili ndizo utakutana nazo kila siku. GET ni "nipe nione". POST ni "pokea hiki, ukifanyie kazi". GET unaweza kuirudia mara mia, hakuna kinachobadilika, ni kama kuuliza bei. POST ni kama kuagiza mzigo. Anayevunja sheria hiyo anaumia. Mwaka 2005 Google walitoa programu inaitwa Web Accelerator, iliyokuwa inatangulia kufungua linki kabla hujazibofya ili ukurasa uje haraka. Kumbe kuna tovuti zilikuwa na linki za "futa" zinazofanya kazi kwa GET. Ile programu ikazifungua kwa nia njema kabisa, watu wakakuta vitu vyao havipo.

POST ndiyo yenye mtihani mgumu. Chukulia mama yupo Kiabakari, ananunua dagaa kwa mchuuzi wa mwaloni Mugango. Anatuma meseji: niwekee madebe mawili. Kimya. Mtandao uko chini, au mchuuzi yuko majini. Mama anasubiri, anaona isiwe taabu, anatuma tena: niwekee madebe mawili. Jioni simu ya mchuuzi inashika mtandao, meseji zinaingia zote mbili kwa mpigo. Apime mawili au manne?

Mchuuzi ni binadamu, atapiga simu kuuliza. Seva haipigi simu. Itapima manne.

Na angalia jambo moja hapa, wengi wanalipita haraka. Kimya kinaweza kuwa cha aina tatu: meseji haikufika kabisa; au imefika lakini kazi bado haijafanyika; au imefika, kazi imefanyika, ila jibu limepotea njiani. Mama wa Kiabakari hawezi kuzitofautisha, na wewe mbele ya kompyuta ya kafe huwezi vilevile. Skrini inaonyesha kitu kile kile, duara linazunguka. Kwa hiyo mtu anayesema "haijaenda, bofya tena" anabahatisha tu.

Kuna binti mmoja wa kwetu yalimkuta. Alikuwa anaomba nafasi kwenye chuo kimoja, sikitaji. Akajaza, akabofya, duara likazunguka, aliyekuwa anamsaidia akambofyia tena. Mfumo ukatengeneza maombi mawili na kontro namba mbili. Ya kwanza ikaja kwenye simu, akailipia. Ombi lililobaki wazi kwenye akaunti yake likawa lile la pili, ambalo halijalipiwa. Siku zikawa zinahesabika kabla ya dirisha kufungwa, na kila akiingia anaambiwa lipa. Pesa ya mara ya pili nyumbani haikuwepo, ile ya kwanza yenyewe ilitokana na kuuza mbuzi. Ikabidi baba yake apande gari na risiti mkononi mpaka chuoni, wakayaunganisha. Nauli ya safari hiyo ilizidi ada ya maombi.

Tatizo hili lina dawa, tena dawa haina gharama, ndiyo maana inaniuma. Ukiandika fomu, weka ndani yake namba ya pekee iliyofichwa, inayotengenezwa pale fomu inapofunguliwa. Mtu akibofya mara tano, maombi yote matano yanakuja na namba ile ile. Seva inapokea la kwanza, inalifanyia kazi, inaandika namba. Likija la pili inaona hii namba ninayo, basi inarudisha jibu lile lile la mwanzo bila kutengeneza kitu kipya. Ni kama yule mama angeandika: madebe mawili, oda ya Jumamosi namba moja. Akituma mara kumi, mchuuzi anapima mawili.

Lakini sikiliza, hapa ndipo wanafunzi wengi wa programu wanapoteleza. Wanaandika: angalia kwenye databesi kama namba ipo, kama haipo, ingiza. Inaonekana sawa kabisa, na ukijaribu peke yako inafanya kazi. Tatizo ni kwamba seva haina mfanyakazi mmoja. Inao kadhaa, na mibofyo yako miwili inaweza kuangukia kwa wawili tofauti kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaangalia: haipo. Wa pili anaangalia: haipo. Wa kwanza anaingiza. Wa pili naye anaingiza. Umerudi pale pale kwenye kontro namba mbili. Kinachookoa ni kuiambia databesi yenyewe iweke sharti la upekee kwenye safu ile, lile linaloandikwa UNIQUE. Hapo wa pili akijaribu kuingiza anakataliwa mlangoni, na programu yako inalidaka kosa hilo na kumpa mteja jibu la kwanza. Kitufe kinachojizima baada ya kubofya ni kizuri, kiweke, ila usikitegemee. Hakizuii mtandao kukatika, na hakimzuii mtu kurifreshi.

Kurifreshi nako kuna dawa yake. Baada ya kupokea POST, usimrudishie mtu ukurasa wa "asante" moja kwa moja. Mrudishie jibu la namba 303, linaloiambia brauza nenda kafungue anwani ile kwa GET. Mtu akirifreshi huko anaomba tu kuona risiti yake tena. Ukiona brauza inakuuliza kama una hakika unataka kutuma fomu upya, ujue mwandishi karuka hatua hii. Jibu hapana.

Upande wa malipo kanuni ni ile ile. Mfumo wa malipo wa Serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, umejengwa juu ya kontro namba. Namba hiyo inatambulisha bili, haimtambulishi mtu, na kwa hiyo malipo popote yakipigwa, benki au simu, yanajua yanakwenda kwenye bili ipi. Wazo safi. Ila kama mfumo wa taasisi umetengeneza bili mbili kwa jambo moja, GePG itajuaje? Zile kwake ni bili mbili halali.

Jirani zetu Kenya nao wana somo zuri. Safaricom walifungua Daraja mwaka 2017 (jina wamelipatia, au sio?), mlango wa programu kuongea na M-Pesa. Programu yako ikituma ombi ili mteja atokewe na kisanduku cha kuweka PIN, unajibiwa papo hapo kwamba limepokelewa, na unapewa namba inaitwa CheckoutRequestID. Hapo hakuna pesa iliyohama! Mteja huenda bado anatafuta miwani. Matokeo yanakuja baadaye, na yanakuja kinyumenyume: seva yao ndiyo inageuka mwombaji na kutuma POST kwenye seva yako, ikitaja ile namba. Mwandishi anayetoa mzigo kwenye jibu la kwanza anauza bure. Na yule anayeamini kila POST inayogonga mlango wake anauza bure pia, maana anwani ile yeyote akiijua anaweza kutuma. Linganisha namba, linganisha kiasi, na uwe tayari taarifa moja kuja mara mbili.

Turudi siku ya matokeo. Hebu tupige hesabu ya mfano. Seva ina wafanyakazi 8, kila ombi linachukua nusu sekunde. Kwa sekunde moja wanahudumia 16. Wakija vijana 4,000 kwa pamoja, wa mwisho anasubiri sekunde 250, dakika nne na ushee. Lakini mlinzi wa mbele, mfano nginx, usipombadilisha anasubiri sekunde 60 tu halafu anamrudishia mtu namba 504. Mtu akiona 504 anabofya tena, anaenda mwisho wa foleni. Na lile ombi lake la zamani? Mara nyingi bado lipo, mfanyakazi analipikia jibu ambalo hakuna wa kulila. Kafe nzima ikibofya kila sekunde tano, foleni haiishi mpaka watu walale.

Kwa hilo NECTA kwa miaka mingi wamefanya kitu cha busara ambacho watu wanakiona cha kizamani. Matokeo wanayatoa kama kurasa zilizokwisha kuandikwa, ukurasa mmoja kwa kila kituo, kwa namba ya kituo inayoanza na S kwa shule. Hakuna kisanduku cha kutafuta jina, hakuna databesi ya kuuliza. Seva inachukua faili na kukukabidhi, kazi ya muda mfupi mno ukilinganisha na ile nusu sekunde. Vijana wa programu wanasema sura yake mbaya. Mimi nasema waacheni hivyo hivyo! Kitu kisichobadilika hakihitaji kupikwa upya kwa kila mlaji. Faida nyingine ni kwamba brauza inaweza kuuliza "umebadilika tangu saa ile?" na seva ikajibu 304, yaani haujabadilika, tumia ulionao, bila kutuma ukurasa mzima tena. Kwa anayenunua bando la kupima, hiyo ni pesa.

Na kama wewe ndiye mwandishi na umeona foleni imekushinda, usimwache mtu kwenye duara. Mrudishie 503 mapema, na kichwa cha Retry-After kinachosema ajaribu tena baada ya sekunde ngapi, na maneno ya Kiswahili kwenye ukurasa: ombi lako halijapokelewa, usilipe chochote. Mtu akijua halijapokelewa, anajua la kufanya.

Kwa wabofyaji: namba zinazoanza na 4 kwa kawaida zinalalamikia ombi lenyewe, anwani imekosewa, hujaingia, fomu imechacha. Zinazoanza na 5 ni za kwao. Kati ya hizo 502 na 504 ndizo za kuogopa ukiwa umetuma fomu, maana hazikuambii kazi imefanyika au la. Ukikutana nazo usibofye tuma tena. Fungua dirisha jipya, ingia kwenye akaunti, angalia orodha ya maombi yako na meseji kwenye simu. Ukikuta kontro namba mbili, usilipe hata moja kabla hujaona ipi imefungwa kwenye ombi lililo wazi, na piga picha skrini yote miwili.

Maswali tupieni hapo chini. Ila tafadhali andikeni na namba iliyotokea kwenye skrini na saa mliyobofya, maana "imegoma" peke yake hata mimi siwezi kuitibu.